Barua ya wazi kwa wasimamizi wa barabara za Lubumbashi: lami ya zamani si takataka

Mheshimiwa Gavana wa Haut-Katanga,
Mheshimiwa Meya wa Lubumbashi,
Mabwana na Mabibi Burugumesta wa komini zetu,
Wakubwa wa OVD, ofisi ya barabara za mji na mifereji, na wa FONER, mfuko wa matengenezo ya barabara, katika jimbo letu,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mkaaji wa komini ya Kampemba, na riziki yangu nimeitafuta miaka mingi katika kazi za barabara. Siandiki kuomba barabara mpya. Barua za namna hiyo mnazipokea nyingi, na zina haki yake. Naomba barabara tulizo nazo zitunzwe kabla hazijafa, na ile ambayo imekufa kweli, lami yake isitupwe.

Katika komini yetu kuna avenyu iliyofumuliwa mwishoni mwa kiangazi ili iwekwe lami mpya. Sisi wakaaji tulifurahi, na kazi yenyewe ilikuwa ya lazima. Lakini lami ya zamani iling'olewa kwa meno ya mashine, ikachanganyika na udongo mwekundu, ikapakiwa kwenye kamyo, ikaenda kumwagwa kwenye bonde la kijito nyuma ya nyumba za watu. Mvua zilipoanza, rundo lile likazuia maji, nayo maji yakaingia viwanjani. Wakati huohuo, njia ya udongo inayotokea kwenye avenyu hiyohiyo ilikuwa haipitiki. Akina mama waliotoka sokoni walivua viatu, na vijana wa wewa, zile pikipiki za abiria, walikataa kuingia, au walidai bei mara mbili.

Sitamtaja aliyefanya kazi ile. Inawezekana mkataba wake haukumwagiza neno lolote juu ya lami ya zamani, na mtu hawezi kulaumiwa kwa agizo ambalo hakupewa. Naomba muutazame huo mkataba, na mingine kama huo.

Tupige hesabu pamoja. Chukueni avenyu ya kilomita moja, upana wa mita 6, lami yenye unene wa sentimita 5. Hiyo ni mita za ujazo 300, na mita moja ya ujazo ya lami iliyoshindiliwa ina uzito wa tani 2.3 hivi. Tunapata karibu tani 700, yaani safari 35 za kamyo inayobeba tani 20. Ndani ya tani hizo, asilimia 5 hivi ni bitumi, ule weusi unaogandisha. Zilizobaki ni kokoto na mchanga. Maana yake kwa kila kilomita tunayoifumua na kuitupa tunamwaga bondeni karibu tani 35 za bitumi na zaidi ya tani 650 za mawe yaliyokwisha kupasuliwa, kuchekechwa na kulipiwa. Bitumi hatuitengenezi hapa. Inatoka nje, inavuka mpaka, inalipiwa dola. Mawe tunayo, lakini kila kamyo ya mawe mapya inakula kilima, inakunywa mazutu, na inapita juu ya barabara zilezile tunazotaka kuziponya.

Bitumi haiozi. Inazeeka tu: jua na hewa vinaikausha, inakuwa ngumu, inapasuka. Ikipashwa moto pamoja na bitumi mpya inashika tena. Inashika pia ikichanganywa na emulsio, ile bitumi iliyosagwa ndani ya maji ambayo inamwagwa bila kuwasha moto. Marekani wanarudisha barabarani makumi ya mamilioni ya tani za lami ya zamani kila mwaka. Na tusiseme hayo ni mambo ya matajiri wa mbali. Afrika Kusini, ndugu zetu wa SADC, mafundi wana uzoefu mrefu wa kusaga barabara iliyochoka papo hapo ilipo, kuitia bitumi ya povu au emulsio kiasi cha asilimia 2 au 3, na kuishindilia iwe msingi mpya. Mawe yanabaki mahali pake, na kamyo za kwenda bondeni hazihitajiki.

Mtaniambia mashine za kusaga hivyo ni ghali. Ni kweli, na ndiyo sababu siombi tuanze na mashine. Naomba uwanja. Uwanja mmoja wenye ukuta na mizani, pembezoni mwa mji, ambako kila mkandarasi atalazimika kupeleka lami aliyoing'oa, ikiwa imetengwa na udongo, na kupewa risiti ya uzito. Asiyeleta risiti, fedha zake za mwisho zisubiri. Pale uwanjani lami ivunjwe kwa krasha ndogo, na hata kwa nyundo mwanzoni, maana mji huu hauna uhaba wa watu wanaojua kuvunja mawe, kisha ichekechwe ibaki na punje zisizozidi sentimita 2 au 3. Katika mtambo wa lami ya moto, asilimia 15 hadi 20 ya mchanganyiko inaweza kuwa lami hii ya zamani bila kuubadilisha mtambo kwa kiasi kikubwa, ilimradi maabara iipime kwanza. Inayobaki itandazwe kwenye njia za udongo za komini za Annexe, za Ruashi, za Katuba: unene wa sentimita 10, inyunyiziwe maji kidogo, ishindiliwe vizuri siku za jua kali, kwa sababu joto linaisaidia kushikana. Haitakuwa bulvari. Lakini vumbi litapungua, na mvua ya kwanza haitaigeuza matope.

Na vumbi, waheshimiwa, katika mji huu si shida ya nguo tu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vilivyoonyesha kobalti na metali nyingine kwa wingi wa kutisha katika miili ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini hapa Katanga. Watoto wetu wanachezea barabarani. Kwa sababu hiyo natoa onyo mapema, maana najua wazo hili litaletwa mezani kwenu: msikubali skori za viwandani, yaani mabaki ya madini yaliyoyeyushwa, kama zile nyeusi za ule mlima wetu unaoonekana kila upande wa mji, zitandazwe mitaani kwa kuwa tu ni nyingi na ziko karibu. Ziko nchi zinazotumia skori za shaba katika barabara, lakini baada ya kuzipima. Za kwetu zipimwe, ijulikane zinatoa nini zikinyeshewa, kabla ya kamyo hata moja kupakia. Vilevile tabaka za lami za zamani sana, za enzi za ukoloni mji wetu ulipoitwa Élisabethville, zichunguzwe kabla ya kupashwa moto, kwa sababu zamani nchi nyingi zilitumia lami ya makaa ya mawe, na moshi wake ni sumu.

Hayo ni kwa barabara iliyokwisha kufa. Uchungu wangu mkubwa zaidi uko kwa zile zinazokufa kabla ya umri wao.

Watu wengi wanaamini kwamba kamyo ndiyo inayoua lami. Kamyo inamalizia. Anayeanza ni maji. Lubumbashi inapata milimita 1,200 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka kati ya Novemba na Aprili. Lami ni paa: kazi yake ya kwanza ni kuzuia maji yasifike kwenye udongo ulio chini. Ufa mwembamba kama unyasi unatosha kuyapitisha. Maji yakishaingia, udongo wetu mwekundu unaloa na kulegea. Gurudumu linapita juu, linayabana yale maji, nayo yanaruka tena nje kupitia ufa yakiwa yamebeba chembe za udongo. Asubuhi baada ya mvua tembeeni kwa miguu katika avenyu yoyote yenye nyufa, mtaona michirizi myekundu kando yake. Ule ni msingi wa barabara unaotoka nje kidogo kidogo. Baada ya majuma machache kipande cha lami kinabaki hakina kitu chini yake. Kinabonyea, kinavunjika, shimo limezaliwa, na shimo likizaliwa linapanuka haraka.

Kuuziba ufa ule wakati wa kiangazi kulihitaji ndoo ya bitumi ya moto, ufagio wa kuondoa vumbi, mchanga kidogo na watu watatu. Kulifunga shimo kunahitaji msumeno wa lami, mchanganyiko mpya, mashine ya kushindilia, na barabara kufungwa nusu siku. Kuijenga upya avenyu nzima kunahitaji mkopo, tenda, na zile kamyo 35 kwa kila kilomita.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kutunza lami haifanyikii juu ya lami. Inafanyikia kwenye kanivo, ile mifereji ya maji kando ya barabara. Ninyi mnajua, na sisi tunajua, kanivo zetu zimejaa nini: mchanga, chupa za plastiki, sashe. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa amri ya Desemba 2017, lakini ukiinua kifuniko cha kanivo sokoni utaiona palepale. Nasema hivi bila kuwatupia ninyi peke yenu mzigo, maana sashe hazikuingia mle kwa miguu yake. Sisi wakaaji tumezitupa. Lakini kuna sehemu ambayo mkaaji hawezi kuifanya. Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, watu wanatoka na majembe, wanainama, wanazoa matope meusi, wanayarundika ukingoni. Halafu hakuna kamyo inayopita kuyachukua. Mvua ya usiku inayarudisha yote kanivoni, na Jumamosi inayofuata utawaambia nini watu wale watoke tena? Komini ikipanga salongo, ipange pia kamyo ya siku hiyohiyo. Kama kamyo hakuna, afadhali salongo iahirishwe.

Jambo jingine dogo linaloangaliwa na wachache ni mgongo wa barabara. Avenyu ya mita 6 inatakiwa iwe imeinuka katikati sentimita 7 au 8 kuliko kingo zake, ili maji yashuke pande zote mbili. Kila tunapoziba mashimo ovyo tunaubomoa mgongo huo, tunaacha mabakuli ambamo maji yanalala. Kando nako, udongo ukikatika na kubaki chini kuliko lami, ukingo unavunjika kila gari linaposhuka na kupanda. Kurudisha udongo ule kando na kuushindilia ni kazi ya koleo tu.

Majira yetu yenyewe yanatupangia ratiba, kama tunataka kuifuata. Mvua zinapokwisha, mwezi wa Mei, watu watembee barabara zote na kuandika: nyufa ziko wapi, kanivo ipi imebomoka, shimo lipi limefika kwenye msingi. Juni na Julai usiku ni baridi na emulsio inachelewa kukauka. Miezi hiyo ifaidiwe kwa kanivo, kingo na kukata mashimo. Kuanzia Agosti jua linakuwa kali: hapo nyufa zizibwe, na avenyu ambazo uso wake umekauka lakini msingi bado mzima zimwagiwe bitumi nyembamba na kutandazwa kokoto ndogo juu. Mwisho wa Oktoba yote yawe yamekwisha. Tunavyofanya sasa ni kinyume: kelele zinaanza Januari, mashimo yakiwa yamejaa maji, na ndipo kamyo za udongo zinatumwa. Udongo unaomwagwa ndani ya maji ni fedha iliyomwagwa ndani ya maji.

Na mnawaona wale vijana wanaosimama njiani na majembe, wanaojaza mashimo kwa vipande vya matofali ya kuchoma na udongo, kisha wananyoosha mkono kwa madereva wapate franga mbili tatu. Watu wengine wanawaita wasumbufu. Mimi naona watu ambao tayari wameamka asubuhi kwenda kutengeneza barabara, bila mshahara, bila kofia, bila mtu wa kuwaonyesha kazi. Tofali lililovunjika linalewa maji na kusagika, kwa hiyo jasho lao linaisha na mvua moja. Wafundishwe. Shimo likatwe kwa pembe za mraba mpaka palipo pagumu, kuta zake zisimame wima, lifagiliwe, likauke, lipakwe emulsio chini na pembeni, lijazwe kwa tabaka na kila tabaka lishindiliwe, na mwisho mzunguko wake upakwe bitumi maji yasipenye. Kijana mwenye akili anayajua hayo kwa siku chache. Huko vijijini nchi yetu inao utaratibu wa kantonye, kamati za wenyeji zinazolipwa kutunza vipande vya barabara za udongo kwa mkono. Kwa nini kila kartie (mtaa) ya Lubumbashi isiwe na kikosi chake cha kantonye, wanawake kwa wanaume, wanaolipwa na komini mwezi kwa mwezi, kila mmoja akijua kipande chake? Shefu wa kartie ataona kwa macho yake kama kazi imefanyika.

Kuna ugonjwa mwingine unaotoka mikononi mwetu wenyewe. Lami inawekwa, inang'aa, na kabla haijamaliza mwaka anakuja mwenye bomba la maji, baada yake mwenye kebo ya umeme, baada yake mwenye nyaya za intaneti. Kila mmoja anachimba mtaro kukatiza barabara, anaufukia kwa udongo uleule aliouchimba, anaondoka. Mtaro usioshindiliwa unazama, na maji yanapata mlango. Dawa yake ni ya maandishi: asichimbe mtu bila ruhusa ya mji, na kabla ya ruhusa aweke dhamana ya fedha ambayo atarudishiwa mtaro wake ukipita msimu mzima wa mvua bila kuzama. Na kabla ya avenyu yoyote kupewa lami mpya, wote hao waitwe kwenye meza moja, waambiwe: pitisheni mabomba yenu sasa. Katika mitaa ya makazi ambako mabomba yanafunguliwa kila mara, ni bora kuweka mawe ya pave kuliko lami, kwa sababu pave zinaondolewa moja moja na kurudishwa zilezile. Miji ya Ethiopia imetandaza mawe ya kuchongwa katika mitaa mingi, na vijana wengi wamepata kazi kwayo.

Juu ya kamyo za madini nitasema kidogo, kwa kuwa wengine wamekwisha kusema. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara unaongezeka kwa nguvu ya nne ya uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 13, haiharibu theluthi moja zaidi; inaharibu karibu mara 3. Mizani iliyo kwenye njia ya Kasumbalesa na ya Likasi ifanye kazi usiku na mchana, na kamyo iliyozidi ishushe mzigo palepale. Faini inayolipwa kisha safari ikaendelea haiponyi barabara.

Fedha. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1994 juu ya maendeleo iliandika kwamba Afrika ingetumia dola bilioni 12 kutunza barabara zake kwa wakati, ingeokoa dola bilioni 45 za kuzijenga upya katika miaka kumi iliyotangulia. Nchi yetu iliunda FONER mwaka 2008 kwa ajili ya matengenezo hasa, na kila mmoja wetu anayeichangia akinunua mafuta au akipita peaji, penye kulipia barabara, anastahili kujua mchango wake umeziba nyufa za wapi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrahaba wa madini, yaani malipo ya wachimbaji kwa serikali, na asilimia 15 kwa mamlaka za mtaa ambako madini yanachimbwa. Shaba na kobalti vinapita juu ya barabara zetu kila siku. Sehemu ya mrahaba huo ifungiwe kabisa katika bajeti kwa ajili ya kutunza, isiguswe hata kama mwaka huo kuna bulvari ya kuzindua. Na mikataba ibadilike: badala ya kumlipa mkandarasi kwa kilomita alizoweka na kuagana naye, alipwe kwa kipindi cha miaka mitatu minne ambacho barabara inabaki bila mashimo na kanivo zinapitisha maji. Mtu anayelipwa hivyo ataziba ufa mwenyewe, bila kusukumwa.

Waheshimiwa, kiangazi hiki naomba mtoe mambo matatu yanayoonekana. Uwanja wa lami ya zamani uteuliwe, na kipengele cha risiti kiandikwe katika kila tenda kuanzia sasa. Orodha ya avenyu zitakazozibwa nyufa kabla ya Novemba, pamoja na fedha zake, ibandikwe kwenye lango la kila komini kwa Kiswahili na Kifaransa, si kwa Kifaransa peke yake. Na komini moja, yoyote mtakayoichagua, ianze na vikosi vya kantonye ili Mei ijayo tulinganishe barabara zake na za jirani zake. Walimu na wanafunzi wa uhandisi wa chuo kikuu chetu wanaweza kuombwa wapime na kuchapisha matokeo, yawe mazuri au mabaya.

Mimi na wenzangu kadhaa wa kazi hii tuko tayari kuja kukaa na wahandisi wenu, kutembea nao, na kuwafundisha vijana kukata na kuziba, bila kudai malipo kwa muda huo wa mafunzo. Tunangoja mtuite.

Kwa heshima zote,

Fundi wa barabara, mkaaji wa Kampemba, Lubumbashi